Sinia Isiyoimba

Likizo ya Krismasi ni likizo kwa watoto wengine. Kwa Kaliroi ilikuwa msimu wa kupasua jozi. Baba na mama wakishakwenda kazini, Bibi Evanthia alitandika gazeti kuukuu juu ya meza ya jikoni, akamwaga kilima cha jozi na kumpa mjukuu wake nyundo ndogo.

"Gonga, usiponde," alisema. "Na ukikuta kokwa nyeusi, tupa. Jozi moja mbovu hutia uchungu sinia nzima."

Kaliroi aligonga huku macho yake yakizunguka. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na katika mtaa ule wa zamani wa mji wa Ioannina, kando ya ziwa, hakuna kitu kilichompita. Alijua nani kanunua viatu vipya, nani kanuniana na nani. Alijua pia jambo moja ambalo hakumwambia mtu: Bibi alikuwa ameanza kusahau. Wiki iliyopita miwani yake ilipotea, ikatafutwa nyumba nzima, na mwishowe ikakutwa ndani ya friji, imelala juu ya jibini. Bibi alicheka, lakini Kaliroi aliona jinsi alivyoifuta ile miwani tena na tena bila kuinua macho.

Tangu siku hiyo mtoto alikuwa akipita nyuma ya Bibi kimyakimya. Jiko likiachwa linawaka, alilizima. Mlango ukiachwa wazi, aliufunga. Hakusema neno, kwa sababu alimpenda bibi yake na hakutaka aone aibu.

Na sasa kazi kubwa ya mwaka ilikuwa imefika. Mwaka Mpya ni siku ya Mtakatifu Vasili, na baba yake Kaliroi aliitwa Vasilis. Siku ya jina, yaani sikukuu ya mtakatifu ambaye mtu ameitwa kwa jina lake, haina mwaliko. Mlango huachwa wazi, na yeyote anayekujua huja kukutakia maisha marefu, awe rafiki, ndugu, mwenzako wa kazini au mtu uliyempisha kiti kwenye basi mwaka juzi. Wote hao walikuja na njaa ya kitu kimoja: baklava ya Bibi Evanthia, kitamu cha manda na jozi kilicholoweshwa shira.

Siku hiyo hiyo palikuwa na mgeni mmoja ambaye hakuwa mgeni. Bi Politimi, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa mjane asiye na mtoto. Yeye na Bibi walicheza pamoja uani walipokuwa wadogo, wakaolewa na kufiwa uani hapo hapo. Kila Mwaka Mpya alikula mezani kwao, na mkate mtamu wa Mtakatifu Vasili ulipokatwa, kipande chake kilikatwa pamoja na vya watu wa nyumba. Alikuwa na macho ya buluu, makali, ya kumpenya mtu. Kumbuka macho hayo, maana ndiyo yaliyoleta balaa.

Siku ya kupika, Bibi alikunja mikono ya blauzi, akasukuma manda kwa kijiti chembamba kirefu. Alisukuma mpaka maua ya kitambaa cha meza yakaonekana upande wa chini. Alitandaza manda sinia nzima, akapaka samli, akatandaza nyingine, halafu jozi zilizochanganywa na mdalasini, halafu manda tena. Alikata vipande kwa kisu kikali kabla ya kuoka, na Kaliroi akachomeka karafuu moja katikati ya kila kipande. Sinia ikaingia oveni. Jikoni, sufuria ya sukari na ganda la limau ilikuwa imeshachemka na kuwa shira.

Harufu ya samli ilipojaa nyumba, Bibi alisema, "Sasa natoa. Wewe niletee shira."

Kaliroi akaangalia juu ya jiko. Hakuna sufuria. Akaangalia mezani, hakuna. Mwishowe akaiona nje, kwenye ukingo wa veranda, imefunikwa, katika baridi ile ya Desemba inayochubua pua. Aliishika. Ilikuwa baridi kama maji ya kisima.

*Masikini Bibi. Ameisahau nje.*

Kaliroi aliijua baklava. Kila majira ya joto alikaa milimani Zagori kwa Bibi Marigo, mama wa mama yake, na huko shira ilimiminwa ikiwa inatokota, na ole wake aliyeiacha ipoe. Basi hakupiga kelele. Aliiweka sufuria kwenye jiko dogo la gesi lililokuwa ukumbini, akawasha moto mkubwa, na kabla Bibi hajamaliza kuitoa sinia na kufuta miwani, shira ilikuwa inatokota. Alijisikia mtu mzima kabisa.

Wakati huo huo mlango ukagongwa.

"Mimina polepole, mwanangu, naja!" Bibi alisema, akaenda kufungua.

Kaliroi akamimina upawa kwa upawa mpaka sinia ikanywa yote. Alipoinua kichwa, Bi Politimi alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, shavu moja limevimba kidogo.

"Evanthia wee!" alisema, kwa sauti nzitonzito. "Mikono hiyo ikatwe iwekwe makumbusho! Tangu nizaliwe sijaona baklava nzuri namna hii!"

Kisha akanyamaza.

Sasa, mtu yeyote mwenye adabu akisifu kitu cha mwenzake, awe mtoto mchanga, gauni au sinia ya baklava, papo hapo hutema mate kidogo pembeni, *tfu, tfu, tfu,* ili jicho lake lisidhuru. Bibi alingoja. Kaliroi naye alingoja. Bi Politimi hakutema. Alibana midomo, kisha akaomba kuazima unga wa semolina. Bibi na Kaliroi walikwenda stoo kuitafuta, na waliporudi walimkuta ameinama juu ya sinia, pua karibu iguse karafuu.

"Nanusa tu," alisema, akachukua semolina yake, akaenda.

Bibi akatema mate mwenyewe kwa haraka. Lakini alikuwa amechelewa, au ndivyo alivyoamini.

Asubuhi iliyofuata kisu hakikulia kwenye manda. Kilizama. Bibi alinyanyua kipande kwa uma, kikakatika, kikaanguka *pwata.* Juu kilionekana sawa, ndani kilikuwa uji.

Bibi alijaza glasi maji, akachovya kidole kwenye mafuta ya zeituni, akanong'ona maneno aliyofundishwa na mama yake, akadondosha matone. Mafuta yaliingia majini, yakatawanyika, yakapotea.

"Jicho," alisema. "Tena jicho la mtu wa karibu."

Baba alikuwa anavaa koti la kazini. "Mama, huenda ni shira tu imekosewa."

"Shira!" Bibi aligeuka kama aliyechomwa sindano. "Mimi nimepika baklava wewe hujazaliwa, leo unanifundisha shira? Nenda kazini, utachelewa."

Baba alimtazama mama yake Kaliroi, naye akatazama dari. Wakaenda kazini.

Mchana Kaliroi alimsimulia yote Fotini, rafiki yake wa nyumba ya mbele, walipokuwa wakirusha vijiwe ziwani. Fotini alikuwa na mdomo mrefu kuliko kimo chake.

"Macho ya buluu hayo, ndiyo yenye kijicho, unataka nini tena?" alisema. "Na hakutema mate! Wewe ulikuwepo, ukaona, ukanyamaza kama bata!"

"Ningefanyaje? Nimwambie mtu mzima ateme mate?"

"Na alibaki peke yake na sinia. Nani anajua? Labda si jicho. Labda alimwaga maji."

"Bi Politimi? Amenilea yule."

"Haya. Akumulikaye mchana, usiku atakuchoma. Mimi nimesema tu."

Fotini alisema tu, kisha akaenda kula. Kaliroi ndiye aliyebaki na maneno. Aliyabeba nyumbani, akayalaza kitandani, akaamka nayo. Asubuhi alijibanza nyuma ya pazia akitazama upande wa jirani. Bi Politimi alitoka, akatazama kushoto na kulia, akatema kitu kidogo cheusi kwenye kitambaa, akakifunga. Kitu gani? Alirudi kutoka sokoni na mfuko mzito aliouficha chini ya koti. Kwa nini aufiche? Alifunga madirisha ya mbele mchana kweupe. Ukishamshuku mtu, hata akipiga chafya utaona anampa mwenzake ishara.

Kila alichokiona Kaliroi alimpelekea Bibi, na Bibi aliongeza chumvi ya kwake. "Mwaka ule nilipopata koti jipya alilisifu, na kifungo kikakatika. Mbona sikulifikiria hilo?"

Siku moja kabla ya mkesha wa Mwaka Mpya, Bibi alipika tena, safari hii kama watu wanaoficha mkimbizi. Mapazia yalishushwa. Kitunguu saumu kilining'inizwa juu ya mlango kufukuza jicho baya. Kaliroi aliwekwa ulinzi kwenye tundu la ufunguo.

Manda zilikuwa mezani pale mlango ulipogongwa.

"Evanthia? Upo?"

Bibi akaweka kidole mdomoni. Kaliroi alibana pumzi. Kupitia tundu la ufunguo aliona koti la rangi ya zambarau na mkono ulioshika bakuli la semolina, ile aliyokuja kuirudisha.

"Evanthia? Nasikia harufu ya samli."

Kimya. Bakuli likawekwa chini taratibu, na nyayo zikaondoka. Kaliroi alisikia kitu kikimkwaruza moyoni, lakini alijiambia kwamba askari wa kweli hana huruma.

Sinia ilipokaribia kuiva, aliitafuta shira. Lo! Ilikuwa veranda tena, baridi tena. *Mara ya pili!* alifikiri, na machozi yakamlenga kwa kumhurumia bibi yake. Akaichemsha kimyakimya, kama kwanza. Bibi alitoa sinia, mvuke ukapaka miwani ukungu, naye akaishika sinia kwa mikono miwili bila kuona mbele huku mjukuu wake akimimina.

Bibi akainamisha sikio. "Mbona haikuimba?"

"Nini, Bibi?"

"Sinia. Siku zote huimba." Akavua miwani, akaifuta, akatikisa kichwa. "Labda masikio yangu nayo yamezeeka."

Kulipokucha, baklava ilikuwa uji.

Bibi Evanthia aliisukuma sinia kando, akakaa kitini. Kisha akainuka, akavuka uani, akagonga mlango wa jirani. Kaliroi alimfuata mpaka kwenye ngazi.

Bi Politimi alifungua akiwa na taulo ya vyombo begani. Uso wake ulichangamka. "Hatimaye! Nilidhani unaumwa."

"Politimi," Bibi alisema, akitazama kizingiti, "mwaka huu tutakula wenyewe. Watu wa nyumba tu."

Bi Politimi alimtazama Bibi, akamtazama Kaliroi, akakiona kitunguu saumu kinachoning'inia upande wa pili wa uani. Alielewa. Ni nani asiyejua kitunguu saumu mlangoni ni cha nini? Yale macho ya buluu yakajaa maji.

"Sawa, Evanthia," alisema, akaurudisha mlango polepole mpaka ukajifunga bila sauti.

Kaliroi alitarajia atafurahi. Mwizi amekamatwa, sivyo? Lakini furaha haikuja. Zaidi ya hayo, jambo moja lilikataa kukaa sawa. Safari ya pili Bi Politimi hakuingia. Hakuiona sinia. Hakuisifu wala hakuinusa.

"Jicho la buluu linapita ukutani," Fotini alisema. "Bibi yangu anajua mtu aliyeua punda kwa kumtazama kwenye picha."

"Muongo wewe!"

"Muulize."

Kaliroi hakutaka punda. Alitaka ushahidi. Na mchana wa mkesha wa Mwaka Mpya ushahidi ulijileta wenyewe: harufu ya samli na mdalasini ilivuka ukuta, na kwenye dirisha la nyuma la Bi Politimi palikuwa na sufuria iliyofunikwa. *Anapika baklava!* Kumbe ndiyo maana ya mfuko chini ya koti! Ameiharibu ya Bibi ili kesho baba asifu yake! Damu ikampanda Kaliroi. Alivuka uani kwa mwendo wa paka, akauendea mlango wa jikoni uliokuwa umeegeshwa, akachungulia.

"Ingia, unaniingizia baridi," Bi Politimi alisema bila kugeuka.

Kaliroi akaingia, masikio yakimwaka moto. Mezani palikuwa na sinia iliyotoka oveni wakati huo huo, kahawia, inapiga mvuke, na karafuu moja katika kila kipande. Karafuu! Bi Politimi hupika ya lozi, na hajawahi kuweka karafuu.

"Hii ya nani?" Kaliroi aliuliza, sauti yake kali kuliko adabu.

"Ya baba yako."

"Ya baba?"

"Fotini ameniambia sinia zenu mbili zimeharibika, na kesho watu watajaa pale. Vasilis atawapokea kwa nini, kwa mikono mitupu? Nimeipika ya jozi kama ya Evanthia. Nilitaka nimpe Fotini ailete, na nimwambie asiseme imetoka wapi." Alijifuta mikono kwenye aproni. "Bibi yako akijua ni yangu atawapa paka. Haya, kwa kuwa umekuja kupeleleza, fanya na kazi. Niletee shira hapo dirishani."

Kaliroi aliishika sufuria. Vidole vilimsisimka. Ilikuwa baridi kama maji ya kisima.

"Bi Politimi, imepoa," alisema kwa sauti ndogo. "Umeisahau nje."

"Nimeisahau? Nimeiweka! Lete hapa."

Aliichukua, akamimina upawa wa kwanza juu ya baklava ya moto.

*Chaaaaaa!*

Sinia ikaimba. Iliimba kutoka pembe moja hadi nyingine, mapovu madogo yakicheza kwenye mistari ya kisu, na kila upawa ulipoongezwa wimbo ulianza upya. Kaliroi alisimama pale kama mti. Alikumbuka Bibi akiinamisha sikio lake. *Mbona haikuimba?*

"Shira lazima iwe baridi?" aliuliza.

"Moja moto, moja baridi. Hiyo ndiyo sheria, nyingine ni porojo. Mimi na Evanthia tulifundishwa na mama yake: baklava moto, shira baridi. Huko milimani kwa mama yako hugeuza. Huacha baklava ipoe tangu asubuhi, halafu shira ikichemka ndipo humimina. Nayo ni sawa. Ila vyote viwili vikiwa moto..."

Upawa wa Bi Politimi ulibaki hewani ukidondosha shira. Alimgeukia mtoto, akamtazama kwa yale macho, na kwa mara ya kwanza Kaliroi aliona kwamba hayakuwa makali. Yalikuwa yamechoka na mekundu pembeni.

"Kaliroi?"

Machozi yalijibu kwa niaba yake.

Bi Politimi alivuta kiti akakaa. Sinia ilikuwa ikimalizia wimbo wake.

"Mimi sitasema kitu," alisema hatimaye. "Nikisema mimi, watu watadhani najitetea kwa kumsingizia mtoto. Wewe una mdomo wako. Sasa vaa kofia, nje baridi."

Jioni hiyo watoto walipita nyumba kwa nyumba wakipiga kengele ndogo na kuimba nyimbo za mkesha. Kaliroi alifungua mlango, akawapa peremende, akafunga. Kila alipomwendea Bibi, ulimi uliganda. Baklava ilikuwa imefika kwa mkono wa Fotini, na kila mtu aliambiwa kwamba imepikwa na "shangazi wa Fotini", ambaye hakuwepo duniani. Kumbe ilikuwa rahisi mno kunyamaza! Bibi ameshaamini. Bi Politimi ameahidi hatasema. Yamekwisha. Kwa nini basi moyo unampiga namna hii?

Siku ya Mtakatifu Vasili, walipotoka kanisani, walikaa mezani kabla wageni hawajaanza kumiminika. Baba alichora msalaba kwa kisu juu ya mkate mtamu, akaanza kukata, akitaja kila kipande kwa sauti kama ilivyo desturi.

"Cha Kristo. Cha nyumba. Cha mama. Cha Areti, mke wangu. Changu. Cha Kaliroi."

Baada ya Kaliroi, tangu alipopata akili, jina lililofuata lilikuwa lile lile la jirani. Kisu cha baba kilisita hewani. Baba alimtazama mama yake. Bibi alitazama kitambaa cha meza, akakunjua mkunjo ambao haukuwepo. Upande wa pili wa ukuta ilisikika sauti ya kijiko kimoja kikigonga sahani moja.

Baba akaweka kisu chini.

"Bado kimoja!" Kaliroi alipiga kelele, akashtuka mwenyewe. Kisha yote yakatoka, bila mpangilio, kama maji ya bomba lililopasuka. "Bado cha Bi Politimi! Si yeye. Ni mimi! Mimi ndiye niliyechemsha shira! Niliikuta veranda, nikadhani Bibi ameisahau, kama miwani, nikaichemsha, mara zote mbili, na baklava ilikuwa moto, ndiyo maana haikuimba! Na hii baklava hapa ni yake! Fotini hana shangazi!"

Uso wa Bibi ulibadilika rangi.

"Ulidhani nimesahau," alisema taratibu.

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Sikutaka uone aibu."

Lile neno lilimwingia Bibi Evanthia. Alivua miwani, akaitazama kwa muda, akaivaa tena. Kaliroi alidhani atachapwa, au kibaya zaidi, atanyamaziwa. Lakini Bibi alisema, "Na mimi? Nimekaa na mwanamke yule maisha yangu yote. Kwa nini mimi sikumuuliza? Simama. Tulimhukumu wawili, tutakwenda wawili."

Walivuka uani kwa ndala, bila koti. Bi Politimi alifungua mlango, leso ya mezani mkononi.

"Politimi," Bibi alisema, "mimi ni kizee mjinga."

"Mjinga sawa. Lakini kizee usiniingize, tumezaliwa mwaka mmoja."

Bibi alicheka, cheko likageuka kilio, wakashikana pale kizingitini. Kaliroi alisimama pembeni akitetemeka kwa baridi na kwa aibu, mpaka mkono mmoja wa koti la zambarau ukamvuta naye ndani.

"Nisamehe, Bi Politimi," alisema.

"Nimeshakusamehe jana. Nilikuwa nakungoja tu uje kuchukua."

"Lakini kwa nini siku ile hukutema mate?" Kaliroi hakuweza kujizuia. Mpelelezi ni mpelelezi.

Bi Politimi alijishika shavu. "Jino! Linanipasua kichwa wiki nzima, nilikuwa nimebana karafuu huku nyuma. Ningetema, ningeitemea kwenye baklava yenu. Nilipoinama nilikuwa natafuta karafuu nyingine ya kuiba!"

Kumbe hicho ndicho kile kitu cheusi kwenye kitambaa. Bibi alijishika kiuno kwa kicheko. "Jino! Nimetundika vitunguu nyumba nzima kwa ajili ya jino!"

Baba alikuwa tayari ameshika kisu waliporudi. "Cha Politimi!" alitangaza kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, akakata kipande kikubwa kupita vyote. Sarafu ya bahati, ambayo hufichwa ndani ya mkate huo, ilikutwa kwenye kipande cha nyumba, na kila mmoja akadai kwamba nyumba ni yeye.

Wageni walipojaa, sinia ya baklava ikazungushwa. Mgeni mmoja alisema kwamba mwaka huu Bibi Evanthia amejipita mwenyewe. Bibi akamkata kauli. "Hii si yangu. Ni ya Politimi. Tfu, tfu, tfu."

Kisha akamwita Kaliroi pembeni, kwenye veranda, palipokuwa na ukimya.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Ulinificha jambo kwa upendo, lakini jambo lililofichwa kwa upendo nalo limefichwa. Likazaa shaka, na shaka ikamtoa mtu mezani. Kuuliza si ujinga. Ungeuliza neno moja tu, na mimi ningeuliza neno moja tu, tusingemliza mwenzetu. Na jambo jingine. Wewe ulikuwa moto kwa hofu, mimi nilikuwa moto kwa hasira. Vitu viwili vya moto vikikutana vinakuwa uji. Politimi peke yake alipoa, ndiye aliyetuokoa. Moja moto, moja baridi. Si kwa baklava tu."

"Nimeelewa, Bibi."

"Na mimi kweli nasahau," Bibi aliongeza kwa sauti ya chini. "Kesho kutwa mama yako atanipeleka kwa daktari. Nimemwomba mwenyewe. Ukiona nimesahau kitu tena, niambie usoni."

Kaliroi alimkumbatia, akasikia mapigo ya moyo wake kupitia blauzi iliyonukia mdalasini.

Wiki iliyofuata, kabla shule hazijafunguliwa, walipika tena, mapazia wazi, mlango wazi, Bi Politimi akivunja jozi na jino lake likiwa limeshang'olewa. Sinia ilipokaribia kutoka, Kaliroi aliiona sufuria ukingoni mwa veranda. Alisimama.

"Bibi!" aliita. "Hii shira umeisahau au umeiweka?"

Wanawake wawili wakajibu kwa pamoja kutoka jikoni, "Tumeiweka!"

Akaibeba ikiwa baridi, akamimina, na sinia ikaimba.